Mbalamwezi ilinitoa Mwaloni ikanitupa Mafia

Sisi tunaokula kwa dagaa tunauhesabu mwezi kwa namna yetu. Giza likiingia ndipo kuna kazi: jioni mitumbwi inatoka na taa zake, dagaa wanafuata mwanga, na alfajiri hapa Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki la Mwanza, hapakaliki. Mbalamwezi ikipanda, dagaa hawana habari na taa ya mtu. Wavuvi wanarudi nchi kavu kushona nyavu na kugombana na wake zao, na mimi nabaki kibandani nakunja magunia matupu. Siku hizo za mwezi mpevu ndizo likizo yangu. Kwa miaka 11 nimezimaliza kwa kulala, kufua mapazia na kupanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kumwona mama.

Mwezi wa pili wifi yangu akasema imetosha. Yeye ni mwalimu, likizo zake nyingi, na simu yake imejaa picha za bahari. "Zanzibar kila mtu ameshaenda, hata mpangaji wako. Twende Mafia."

Jirani yangu wa mzani akauliza kama huko wanakotoka majambazi wa sinema ndiko tunakokwenda. Nikamwambia Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ipo hapohapo inapomwaga Rufiji, na haina uhusiano wowote na Waitaliano. Hakuridhika. Alinidai pesa yake ya mwezi uliopita kabla sijaondoka, endapo sitarudi.

Sitawachosha na barabara. Basi mpaka Dodoma, treni ya umeme mpaka Dar (wifi alipiga picha kila kituo, hata vile ambavyo treni haikusimama), kisha Mbagala, kisha gari la Nyamisati. Jambo moja tu la njiani: tulipochimba dawa maeneo ya Kibiti nikasikia nyuma yangu, "Mwangaluka, mayu!" Nikadhani nimeota. Kumbe ni kijana wa Kisukuma na ng'ombe wake, kofia kichwani, fimbo begani, kana kwamba tuko Magu. Wafugaji wetu wamehamia Rufiji siku nyingi. Mimi ni Mkerewe, lakini hiyo salamu ilinipoza kuliko soda niliyokuwa nimeishika.

Nyamisati unapanda kivuko. Hapo nilikuwa kimya, na wifi alijua sababu, naye akanyamaza. Mtu wa Ukerewe akiona watu wanasukumana kuingia chomboni anakumbuka Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka jirani kabisa na Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wakiwa wanatoka mnadani Bugorora. Nilihesabu maboya ya kuvaa nikayafikisha 60, mabaharia wakaanza kuniangalia. Mmoja akaniuliza kama natoka serikalini. Baadaye mikoko ikaisha pande zote mbili, maji yakabadilika rangi, na hofu ikanitoka bila kuaga.

Tulilala Kilindoni, na asubuhi tukachukua bajaji kuvuka kisiwa kwenda Utende, upande wa mashariki, ambako ndiko kuna ghuba ya Chole na matumbawe yenyewe. Minazi njia nzima. Getini unalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari, raia tunalipa kidogo na kwa shilingi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995 na ndiyo ya kwanza ya bahari nchini. Haijafungiwa watu nje: vijiji vipo humohumo ndani, watu wanavua, wanazaa, wanaoana, ila kuna maeneo ya kuvua na maeneo ya kutogusa.

Sasa hoteli. Jina lake silitaji, maana shida yangu na wao imekwisha na sitaki kuifufua. Nilikuwa nimelipia kwa simu, kwa picha: kibanda cha makuti, ngazi tatu, na maji ya buluu yanalamba ngazi ya mwisho. Tumefika saa nne asubuhi. Ngazi tatu zipo. Makuti yapo. Maji hayapo.

Ninaposema hayapo, sisemi yamepungua. Palikuwa na uwanda wa matope na majani ya baharini, mashua zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka, na mbali huko, mbali kweli, mstari mwembamba wa buluu. Wanawake wawili walikuwa wanatembea katikati ya bahari na ndoo, wameinama, wanachokonoa mawe. Nikarudi mapokezi nimeshika kiuno. "Kaka, bahari yenu iko wapi?"

Kijana wa mapokezi akanijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Imekwenda. Itarudi."

Hapo ndipo niwaeleze ninyi wa Mwanza, maana wa pwani watacheka. Ziwa letu ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, wazungu wakifika wanaliita bahari. Lakini ziwa lina adabu moja: unapoliacha usiku ndipo unapolikuta asubuhi. Likipanda, linapanda kwa miezi ya mvua, kama ule mwaka wa El Nino. Mawe ya Bismarck yanaloa palepale yalipoloa jana. Kupwa na kujaa nimekusoma shule ya msingi, nikajibu mtihani, nikapata. Sikujua kwamba wanamaanisha bahari inabeba virago inaondoka.

Na siku yenyewe niliichagua mimi! Mwezi mpevu, likizo ya dagaa. Mzee mmoja aliyekuwa anaziba mashua yake kwa pamba na mafuta, chini ya mkungu, ndiye aliyenifungua macho. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, akaniuliza nimetoka wapi, nikamweleza mpaka habari ya mbalamwezi na magunia matupu. Akaacha patasi.

"Kumbe mwezi ndio umekuleta," akasema. "Basi umeletwa siku ya bamvua, mjukuu wangu."

Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto aliyetoka bara, na kwa kweli ndivyo nilivyo. Mwezi unapokuwa mpevu, na tena unapoandama, jua na mwezi vinavuta pamoja. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana kila kimoja upande wake, maji yanakwenda na kurudi kivivu, na hayo wanayaita maji mafu. Siku za bamvua tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Nilipiga hesabu: hiyo ni dari ya nyumba yangu ya Kirumba. Mara mbili kwa siku.

Kwa hiyo mwezi uleule unaowalaza wavuvi wangu ndio unaoamua wavuvi wake watoke saa ngapi. Nilikaa pale kwenye kivuli nikiwaza hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyowaza jambo lolote mwaka huu, ukiacha marejesho ya mkopo.

Mchana nikafanya utoto. Nilichukua kijiti nikakichomeka mchangani pale maji yalipoishia, nikakaa kukilinda. Wifi akaenda kulala. Bahari hairudi kwa mawimbi kama mnavyodhani. Inarudi kwa vidole. Kwanza mfereji mdogo unajaa kimya kati ya majani, unapita pembeni yako, unageuka nyuma, na wewe bado unaangalia mbele. Kaa wanatoka mashimoni wanakimbia upande upande. Kijiti kikaloa. Nikarudi hatua kumi nikachomeka kingine. Nikageuza shingo kumtazama mtoto anayepita na baiskeli, kuja kutazama, kijiti cha pili kimezama nusu. Saa kumi jioni maji yalikuwa yanalamba ngazi ya mwisho, buluu ileile ya picha, zile mashua zilizolala zimeamka zinacheza. Picha haikudanganya. Ilisema ukweli wa saa kumi.

Lakini hoteli bado sijaisamehe jambo moja. Usiku tumekaa mezani, mhudumu akaja, akatupita, akawahudumia wageni weupe waliokuja nyuma yetu, kisha akanigeukia: "Dada, ninyi mmekuja na wageni gani?" Yaani mimi ni yaya au mpishi wa mtu. Wifi akamwambia, kwa ile sauti yake ya darasa la saba: "Wageni ni sisi. Tunakula kwa jina letu." Chakula kikaja haraka ajabu. Pweza wa nazi, wali, na samaki changu wa kupaka. Mimi nilikulia sato wa maji na chumvi. Nazi naionaga kwenye sherehe. Nilikula mpaka nikaona aibu, halafu nikaendelea.

Siku ya pili babu yule, pamoja na kijana wake muongozaji, wakatupeleka majini. Kijana ananipa miwani ile inayofunika mpaka pua na kibomba cha kupumulia, ananiuliza, "Unajua kuogelea?"

Nikamjibu, "Nimezaliwa Ukerewe."

"Sawa dada. Unajua kuogelea?"

Ukweli ni kwamba watu wengi wa ziwani hatujui. Tunakatazwa tangu utoto, kwa mamba, kwa kiboko, na zaidi kwa kichocho, kile kijidudu kinachotoka kwa konokono wa maji baridi. Ziwa tunalichota, tunalivua, tunalifulia nguo, tunalisafiria, lakini kujitupa humo kwa raha ni mambo ya watoto watukutu. Nikavishwa boya. Kijana akatema mate kwenye kioo cha miwani yangu, akasugua kwa kidole, akasuuza, akanivisha. Eti inazuia ukungu. Sikuuliza mara mbili.

Tulisubiri maji yaanze kuingia ghubani, maana siku za bamvua mkondo wa pale Kinasi, mlangoni mwa ghuba, una nguvu, na yanayoingia ndiyo maangavu; yanayotoka yanatoka na vumbi la matope. Nikateremka ngazi. Chumvi ikanivamia puani, nikakohoa, nikatapatapa, nikamshika kijana nywele. Kisha nikaweka uso chini.

Sikulia, lakini karibu. Chini pana mji. Kuna matumbawe kama kabichi, mengine kama pembe za swala, mengine mviringo yenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi pale buchani. Na samaki! Wa njano wenye mistari myeusi, wa buluu kama dawa ya nguo, vidogo vya machungwa vinavyojificha kwenye vitu vinavyopeperuka kama vidole. Mimi nashika samaki kila siku ya Mungu. Nawajua kwa kilo, kwa harufu, kwa debe. Sijawahi kumwona hata mmoja akiwa nyumbani kwake. Maji yetu ya Mwanza ukizamisha mkono mpaka kiwikoni, vidole vimeshapotea.

Halafu nikasikia kitu. Krr, krr, kama mtu anatafuna barafu. Kijana akanielekeza kwa kidole: pono, samaki mkubwa wa kijani na waridi, ana mdomo kama wa kasuku, anauma jiwe. Anakwangua mwani kwenye matumbawe, anasaga na jiwe lenyewe, kisha mbele ya macho yangu akaachia nyuma wingu jeupe. Mchanga. Wifi, tulipopanda mashuani na kuelezwa kwamba sehemu nzuri tu ya mchanga mweupe wa fukwe hizi imepita tumboni mwa pono, alitazama miguu yake kwa muda. Tangu tufike alikuwa anajizika kwenye ule mchanga anapigwa picha.

Ila zile rangi zilinipeleka kwingine. Marehemu baba alikuwa mvuvi, na alikuwa akisema kwamba ujanani mwake ukivuta wavu Ukerewe unatoka furu wa kila rangi, wekundu, wa njano, wa buluu, wametandazwa kama kitenge. Tulidhani ni chumvi za wazee. Kisha nikaja kusoma kwamba ziwa letu lilikuwa na mamia ya aina za furu ambazo hazipo kwingine duniani, mpaka sangara alipopandikizwa miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 akawa amewafyeka. Sangara ametujengea viwanda na nyumba, simtukani, nami nimesomeshwa kwa pesa yake. Lakini pale nikielea na boya langu nilitamani baba angekuwa hai nimwambie: nimekuamini, nimeona jinsi ilivyokuwa.

Si kwamba huku kumebaki salama. Babu alitupitisha juu ya sehemu iliyo kama kifusi cha nyumba iliyobomolewa, vipande vya kijivu, samaki wachache. Pengine ni baruti za zamani, akasema, kabla hifadhi haijapata nguvu. Pengine ni mwaka 1998. Sisi El Nino tunaikumbuka kwa mvua, kwa madaraja yaliyokwenda na maji. Yeye anaikumbuka kwa joto. Bahari ilipata joto kupita kiasi, na tumbawe, ambalo ni mnyama, si jiwe wala mmea, lina vijimea vya mwani ndani yake vinavyolilisha na kulipa rangi. Joto likizidi linavitapika. Linabaki jeupe kama mfupa, na hali isiporudi mapema linakufa. "Tulidhani pamechanua," babu akasema. "Peupe, pazuri. Kumbe ni sanda."

Chole tulikwenda jioni moja, kisiwa kidogo ng'ambo, dakika chache kwa boti. Magofu ya nyumba za enzi ya Wajerumani yamekumbatiwa na mizizi mpaka hujui ukuta uko wapi na mti uko wapi, na popo wakubwa wala matunda wananing'inia mchana kweupe wakigombania nafasi kama abiria wa daladala ya Buhongwa. Pazuri, lakini mbu walitushinda.

Papa potwe nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ni suala la kibiashara. Anaonekana upande wa Kilindoni, kuanzia kama Oktoba mpaka Machi. Tulitoka asubuhi, bahari imetulia kama uji. Kijana akapiga kelele, nikatazama, nikaona kivuli kirefu kama mtumbwi wa mita saba kinakuja chini ya boti yetu. Mgongo wa kijivu umetapakaa madoa meupe kwa mistari, kama kanga ya zamani. Mdomo ameuacha wazi, mpana kuliko mlango wa kibanda changu, naye wala hatafuni mtu: anachuja uduvi na visamaki vidogo. Unaruhusiwa kuingia majini, huruhusiwi kumgusa. Wifi aliingia. Mimi nilibaki nimeshika ubao wa boti kwa mikono miwili, namtazama akifungua na kufunga, akifungua na kufunga, na karibu na hapo wavuvi wanavuta wavu wa dagaa, kila mmoja na hamsini zake. Nikapiga mahesabu ya madebe yanayoingia kwenye ule mdomo kwa siku. Nikamwambia kijana, huyu angekuja Mwaloni tungefunga biashara.

Na dagaa wao lazima niseme, maana sikuweza kujizuia. Nchi kavu niliwakuta wakina mama wanawachemsha kwa maji ya chumvi kwenye masufuria makubwa kabla ya kuwaanika. Sisi tunaanika wabichi, aliye mwangalifu kwenye vichanja, mzembe mchangani. Nikaomba kuonja, nikaulizia bei, nikapinda mmoja kuona kama amekauka mpaka ndani. Mama mmoja akacheka: "Wewe si mtalii wewe." Hilo lilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichoambiwa pale hotelini. Nilikuwa na kilo mbili za dagaa wa Ukerewe kwenye begi, wa kichanja, safi, nimewabeba kama zawadi nisijue ni ya nani. Moja nikamwachia yeye. Nyingine nikampelekea babu siku ya kuondoka.

Tulirudi Mwanza mbalamwezi imekwisha. Wiki ya kwanza ya giza, alfajiri, gunia la tatu liko mzanini, simu ikaita. Ni babu. Salamu ndefu, ya nyumbani, ya watoto, ya wifi. Dagaa wameliwa, bibi amewapika kwa nazi, wazuri, ila hawana chumvi.

"Babu, ni maji baridi."

"Ndiyo, nimeambiwa." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa: "Huku mwezi umeandama, bamvua imerudi. Yenu yamejaa au yamekupwa?"

Nikatazama ziwa. Taa za mwisho zilikuwa zinaingia, mitumbwi inagusa nchi kavu palepale ilipogusa jana.

"Yapo palepale, babu."

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekata.

"Sasa mnajuaje saa ya kutoka?"

Mpima mzani alikuwa ameshaanza kuandika kilo zisizo zangu, ikabidi nikate simu.